Waliofika Si Waliokubali

Kwanza kabisa, wanangu, mwende na kalamu mbili. Moja ni yako, nyingine ni ya mkubwa. Mkubwa wa chama huwa haji na kalamu. Anakuja na simu, na miwani, na watu wawili wa kumfuata nyuma, halafu wakati wa kusaini anageuka upande wako na kunyoosha mkono. Ukimpa kalamu yako ya pekee, umemaliza kazi siku hiyo, maana kalamu iliyoingia kwenye koti la mkubwa sijawahi kuiona ikitoka. Kwa zile nilizopoteza ningefungua duka.

Najua mnacheka. Chekeni tu, mpaka mkutano wenu wa kwanza.

Mimi ni Mama Esperansi wa Nyabiondo. Nilikuwa sekretere wa chama chetu upande wa Masisi tangu wengi wenu hamjazaliwa, na kwa kuwa wenzetu wa Walikale hawakuwa na mashine ya kuandika, nikawa nawaandikia na wao. Kazi yangu ilikuwa PV, yaani ile karatasi inayosema mkutano ulikaa wapi, nani alisema nini, na mwishoni kiliamuliwa nini. Sikuwahi kugombea kiti wala kupanda jukwaani. Lakini depite wetu, yaani mjumbe wetu, aliposimama Goma kwenye baraza la mkoa na kusema "watu wangu wanataka hivi", karatasi aliyoishika ilitoka mkononi mwangu. Hilo nalisema bila haya.

Vijana wa chama wameniomba niwaandikie mbinu za kazi, pointi moja mpaka kumi. Pointi kumi sina. Nina mambo machache ya kuchekesha, na kosa moja ambalo halichekeshi sana.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme, marehemu sasa. Zamani alikuwa karani kwenye shamba la chai, na mambo yote ya karatasi aliyajua yeye. Alikuwa mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia, na alikuwa hapendi mtu aguse agrafezi yake, kile chuma cha kubania karatasi, ambacho alikibeba ndani ya soksi safi ili kisishike kutu. Mkutano wangu wa kwanza niliandika kila kitu. Niliandika prezida amefungua mkutano, prezida amekohoa, Papa fulani ameomba maji, prezida amekohoa tena. Kurasa kumi na moja. Papa Anselme alisoma yote bila kucheka, halafu akavua miwani.

"Mama Esperansi," akasema, "bantu banakohoaka kila siku. Hiyo hatuandike. Isipokuwa kama alikohoa juu ya kunyamazisha mwenzake. Hapo njo unaandika."

Nikamuuliza nitajuaje. Akasema nitajua, na kweli baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua.

Kosa langu la pili lilikuwa la karboni. Zamani hizo, ukitaka nakala tatu, unaweka karatasi za karboni katikati ya karatasi nyeupe, unachapa mara moja. Mimi nikaziweka kinyume. Nikachapa kurasa nne kwa bidii, jasho linatoka, nikaituma karatasi ya juu Goma, nikawapelekea wakubwa nakala bila kuangalia nyuma. Nakala zilikuwa tupu kabisa, na maneno yote yalikuwa nyuma ya karatasi, yamegeuka. Prezida wetu, mtu mwenye subira, akaagiza kioo cha kunyolea kutoka nyumbani kwake, akasoma PV nzima akiwa ameishika mbele ya kioo, kwa sauti, na watu wanasikiliza kama hakuna kitu kilichotokea. Papa Anselme alikuwa anaangalia paa muda wote.

Alinifundisha pia mahali pa kukaa. Usikae karibu na prezida, maana atachungulia daftari lako na ataanza kusema kwa ajili ya daftari. Kaa karibu na mlango. Mtu aliyekasirika hunyamaza mkutano mzima, halafu anasema ukweli wake wakati anatoka, akiwa anatafuta viatu. Ukiwa mlangoni utausikia.

Na PV isomwe kabla ya chakula. Hilo shikeni kuliko yote niliyosema. Watu wakishakula fufu na maharagwe na kipande cha nyama, wanakubali kila kitu, hata yale waliyotaka kupigania ngumi saa moja iliyopita. Soma wakiwa na njaa. Mwenye njaa anasikiliza kila neno na anakurekebisha.

Siku hizi mna simu. Mnatumiana vokali, zile sauti za kurekodi, za dakika saba, na mkutano unakwisha bila karatasi hata moja, kila mtu na sauti yake mfukoni. Siwalaumu. Mngekuwa mmebeba mashine ile ya kuchapa kwa pikipiki kutoka Nyabiondo mpaka Nyamitaba, mngeipenda simu kuliko bibi yenu. Lakini sauti haina mahali pa kusaini, na mambo ninayotaka kuwaambia leo yalitokana na saini.

Mwaka mmoja chama chetu kilikuwa karibu kupasuka, na kilikuwa kinapasuka juu ya bajeti ya mkoa. Nitawaeleza kwa ufupi, maana wakati huo wenyewe waliieleza kwa urefu wa kuchosha. Sisi tulikuwa tumeomba vitu viwili. Kwanza daraja la mto hapa Nyabiondo, ambapo tulikuwa tunavuka juu ya miti miwili iliyolazwa. Pili nyumba ya uzazi kule Buleusa, Walikale, ambapo hakukuwa na chochote. Serikali ya mkoa ikajibu kwamba kwa chama chetu mwaka huo kuna nafasi ya kitu kimoja tu. Na ndani ya bajeti hiyohiyo kulikuwa na mistari ya magari mapya ya wakubwa, ambayo kila mtu aliyejua kusoma aliiona.

Depite wetu akasema tuwe watu wazima. Tupige kura ya ndiyo, tuchukue daraja sasa, nyumba ya uzazi ije mwaka unaofuata. Tukikataa, tutatoka mikono mitupu na magari yatanunuliwa hivyohivyo.

Papa Deo, mwalimu wa Nyamitaba, akasema hapana. Huyu alikuwa mtu wa kunyooka, mwenye ng'ombe wanne na sauti ya kufundishia darasa la watoto mia. Alisema chama kinachokubali magari ili kipewe daraja kimekwisha kujiuza, na kwamba tukatae bajeti nzima mpaka mistari ile ifutwe na vitu vyetu viwili viandikwe. Nyuma yake walikuwa watu wengi, na vijana karibu wote.

Nami nilikuwa wapi? Niseme ukweli, nilikuwa upande wa daraja. Si upande wa depite, wala si upande wa Papa Deo. Dada yangu mkubwa, Jeannette, aliteleza kwenye miti ile miwili akiwa na mzigo wa maharagwe mgongoni. Maharagwe yalikwenda na maji, mguu wake ukavunjika, na ukaunga vibaya. Mpaka leo anachechemea. Kila asubuhi nilimwona anapita mbele ya mlango wangu, nami nilikuwa nataka daraja kama mtu anavyotaka maji.

Sasa, chama chetu kilikuwa na sheria moja nzuri. Depite hawezi kupiga kura ya bajeti kwa jina la chama kama hana PV ya tawi la Masisi na PV ya tawi la Walikale, zote zikisema ndiyo. Ya Masisi ilikuwa tayari, ingawa Papa Deo na watu wake walibaki kuipinga. Ya Walikale ilibidi iandikwe Buleusa, na kura ilikuwa inakaribia.

Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Buleusa hapakuwa na mashine. Kwa hiyo sisi tulikuwa na desturi yetu, na matawi mengine yalikuwa nayo pia, msifikiri tulikuwa wabaya peke yetu. Tulikuwa tunachapa PV kabla ya mkutano. Papa Anselme aliiita PV ya mbele. Unachapa Nyabiondo, unaacha nafasi ya tarehe na ya jina la aliyefungua kwa sala, na pale chini unaandika: wanachama wote waliohudhuria wamekubali kwa sauti moja. Unakwenda, mkutano unakaa, watu wanasaini orodha ya waliofika, kwa maana mtu anayesaini ndiye anayepewa sahani na nauli. Ukirudi, unajaza tarehe, unabana ile orodha nyuma ya PV, na karatasi mbili zinakuwa moja. Mara nyingi watu walikuwa wamekubali kweli, hivyo hakuna aliyeona kasoro.

"Batakubali tu," Papa Anselme aliniambia siku ninaondoka. "Uende, usalimie, bakule, ulete orodha."

Nilikwenda kwa pikipiki, na pale pikipiki iliposhindwa nilikwenda kwa miguu, PV ya mbele ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitenge changu. Mkutano ulikaa kwenye darasa la kanisa. Nilikaa karibu na mlango, kama nilivyofundishwa, nikafungua kaye yangu, lile daftari la shule, nikaandika kila kilichosemwa. Hiyo ilikuwa tabia tu, mkono umezoea.

Baada ya wanaume watatu kusema, akasimama Mama Veronika. Alikuwa mkunga wa kijiji, mama mfupi, wa umri wangu wa sasa, na alisema akiwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Sisi banamuke ya huku tunazalia mu njia," akasema. "Mwaka yenye ilipita nilizalisha mutoto chini ya mugomba, mvua inanyesha, mama yake ananiuliza kama tumefika. Hatukukuwa tumefika. Mutoto alipona. Mama yake hatukumufikisha. Daraja yenu iko muzuri, siikatae. Lakini musiniambie nikubali kungoja. Mi sikubali."

Niliandika neno kwa neno. Wanawake waliokuwa nyuma wakamuunga mkono, wanaume wawili wakamuunga mkono, prezida wa tawi akasema wataendelea kufikiri. Halafu chakula kikaletwa. Watu wakapanga mstari, wakasaini orodha ya waliofika. Mama Veronika alisaini wa saba, kwa herufi kubwa, polepole, ulimi ukiwa nje kidogo. Nilimwambia ana mwandiko mzuri. Akanishukuru, akanipa kichane cha ndizi za njiani.

Niliporudi Nyabiondo nilikuwa nimelowa mpaka mifupa. Depite alikuwa ananingoja ofisini, gari lake linanguruma nje.

"Bo, Mama Sekretere, tuko na haraka. PV iko wapi?"

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, na kinywa kilikuwepo. Nilitoa mfuko wa plastiki, nikamkabidhi Papa Anselme PV ya mbele na orodha. Akajaza tarehe. Akatafuta agrafezi yake, ilikuwa upande wangu wa meza, akanyoosha mkono. Nikaitoa ndani ya soksi, nikampa. Ilisema tak, mara moja tu, na depite akaondoka.

Usiku wa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa nimechoka. Si kweli. Niliona mguu wa Jeannette, nikanyamaza. Watoto wangu, uongo mwingi wa ofisini hausemwi na mtu. Unabanwa tu kwa agrafe.

Siku chache baadaye chama kikaita mkutano mkubwa Nyabiondo, matawi yote mawili, kabla depite hajaenda kupiga kura. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Jeannette alikuwa amekaa mbele, mguu amenyoosha. Mama Veronika naye alikuja. Alikuwa ametembea siku mbili, viatu ameshika mkononi, akaviweka mlangoni mbele yangu kabla ya kuingia. Tukasalimiana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nikaangalia chini.

Papa Deo alianza kwa nguvu. Akaishambulia bajeti mstari kwa mstari, magari, safari, samani, akasema hata Walikale haitaki, na watu wake wanapiga makofi. Depite akamngoja amalize, halafu akasimama bila haraka, akafungua mkoba.

"Mwalimu anasema Walikale haitaki," akasema. "Alors, tusomee Walikale yenyewe." Akasoma: wanachama wote wa Buleusa waliohudhuria wamekubali kwa sauti moja daraja litangulie. Akageuza karatasi, akaanza kusoma majina.

Alipofika la saba, Mama Veronika akasimama.

"Saini iko yangu," akasema. "Maneno haiko yangu."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Depite akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

"Mama, njia ilikuwa murefu. Pengine umesahau kidogo."

"Sikusahau. Mi si muzee ya kusahau."

"Lakini mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi?"

Wakacheka tena. Papa Deo mwenyewe alikuwa amekasirika naye, akasema kwa sauti kwamba watu wa Walikale wanasaini wakishiba na kukataa wakipata njaa. Mama Veronika alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa kijiji kisicho chake, ametembea siku mbili ili aitwe mwongo. Akageuka mlangoni, ambapo nilikuwa nimekaa.

"Mama Esperansi, ulikuwako. Useme."

Nikamwangalia Papa Anselme. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Nikamwangalia Jeannette. Yeye hakujua lolote, alikuwa ananiangalia tu akingoja, kama alivyoningoja tangu utotoni nijibu mwalimu vizuri.

Niliogopa, nawaambia. Nilifungua kaye, nikasimama, na sikusema kitu changu chochote, kwa sababu sekretere hana maneno yake. Nilisoma. Nilisoma mvua, na mgomba, na mama aliyeuliza kama wamefika. Nilisoma "mi sikubali". Halafu nikasema kwamba ile PV niliichapa mimi kabla ya kwenda, na orodha iliyobanwa nyuma yake ni ya sahani.

Sitawasimulia kelele zote. Prezida alikohoa, na safari hii ilistahili kuandikwa. Depite aliketi chini, uso umebadilika. Papa Deo alipanda juu ya benchi na kutangaza kwamba sasa mambo yamekwisha, bajeti ikataliwe nzima, na asiyeitaka bajeti hiyo amfuate nje waanze chama kingine. Watu wa Nyabiondo wakaanza kupiga kelele kwamba wameibiwa daraja lao, na jina lililotajwa lilikuwa langu. Kijana mmoja wa kwetu, jirani kabisa, aliniita msaliti. Watu wa Papa Deo wakaanza kusogea mlangoni, na mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia chama kinapasuka kabisa: huyu anatafuta viatu, yule anatafuta kofia.

"Lakini bado hamujaniuliza."

Alikuwa Mama Veronika, bado amesimama. Akasema tena, kwa sauti ileile.

"Munapigana juu yangu. Huyu anasema nilikubali, ule anasema nilikataa. Nilifika hapa kwa miguu. Muniulize."

Prezida, yule wa kioo, akamuuliza. "Mama, unasema nini?"

Aliuliza yeye kwanza. Aliuliza wanawake wa ng'ambo ya mto wanafika vipi kwenye dispensari ya Nyabiondo wakishikwa na uchungu. Watu wakamwambia wanabebwa juu ya tipoyi, yaani machela, wanaume wanne, juu ya miti ile miwili. Akauliza wakati wa mvua je. Jeannette akasema, "Banangojaka maji ishuke, Mama." Mama Veronika akauangalia mguu wa Jeannette ulionyooshwa.

"Basi, daraja itangulie," Mama Veronika akasema. "Lakini usiandike bote bamekubali. Uandike mi njo naachilia. Jina yangu. Na uandike kitu yenye naachilia: nyumba ya kuzalia ya Buleusa, na vitanda ine. Uandike inakuya nyuma ya daraja. Na usome."

Niliandika, nikasoma. Akasema sawa, akakaa.

Papa Deo bado alikuwa juu ya benchi. "Mi nakataa," akasema. "Magari nakataa. Uandike nakataa."

"Nimeandika, Papa."

"Soma."

Nikasoma: Papa Deo, mwalimu wa Nyamitaba, anakataa mistari ya magari, na haachilii.

Alisikiliza kichwa amekiinamisha. "Ongeza, hata kesho," akasema. Nikaongeza. Akashuka kwenye benchi, akamrudishia mtu kofia aliyokuwa anaitafuta, akakaa. Wale waliokuwa wamekwisha kuvaa viatu wakavivua. Hapo nilielewa kitu ambacho Papa Anselme hakunifundisha: kwamba watu wengi hawaondoki chamani kwa sababu wameshindwa. Wanaondoka kwa sababu kushindwa kwao kumeandikwa kama furaha. Depite alikwenda Goma na PV ya kurasa tatu, yenye hapana ndani yake na jina la aliyeachilia, akapiga kura ya ndiyo. Watu wa mji walimcheka, akatuambia mwenyewe baadaye. Walisema hawajaona PV ya kukubali yenye malalamiko mengi kiasi hicho.

Papa Anselme hakunisemesha siku nzima. Asubuhi iliyofuata alifika ofisini mapema, akakaa, akatoa agrafezi ndani ya soksi, akaiweka upande wangu wa meza.

"Ikuwe yako," akasema. "Orodha ya bale balifika, agrafe yake. PV, agrafe yake. Usichanganye." Halafu akaomba chai. Mambo ya kuomba msamaha hatukuyazungumza, yeye wala mimi, mpaka tulipomzika.

Daraja likajengwa. Mbao juu ya vyuma, na siku ya kulifungua Jeannette alivuka kwenda na kurudi mara tatu bila shughuli yoyote upande wa pili. Nilifurahi mpaka nikalia. Na katikati ya kulia nilikumbuka Buleusa, furaha ikapungua nusu.

Kwa maana mwaka uliofuata nyumba ya uzazi haikuja, wala mwaka wa pili. Kila mara kulikuwa na sababu, na zote zilikuwa sababu nzuri. Basi nikafanya kitu ambacho hakimo katika sheria za chama. Kila mkutano wa bajeti ulipofunguliwa, baada ya sala na kabla ya jambo la kwanza, nilisimama na kusoma yale maneno: Mama Veronika wa Buleusa ameachilia daraja litangulie, nyumba ya uzazi na vitanda vinne vinafuata. Halafu nakaa. Sikuongeza neno. Depite wa kwanza alichoka, wa pili alichoka zaidi. Mwaka wa nne mstari ukaingia, na zikajengwa kuta za matofali, vyumba viwili, na mabati juu. Vitanda havikuja. Mwaka uliofuata wakaniambia sasa niache, nyumba ipo. Nikasoma: vitanda vinne, bado.

Mkutano wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, kijana mmoja mpya, mwenye kompyuta nzuri, akaomba neno. Hakuwa na ubaya. Akasema, "Mama Sekretere, kwa heshima yote, ule mama alishakufa. Hiyo mustari inatukulia tu saa. Tuitoshe, tuifute."

Ni kweli, Mama Veronika alikuwa amekufa mwaka huo, kwa uzee, ndani ya nyumba yake. Nilisimama na kaye mkononi. Nilikuwa tayari kuifunga.

Jeannette akasimama. Kusimama kwake kunachukua muda, kwa sababu ya ule mguu, na ukumbi ulingoja. "Usome tena," akasema. Akasimama jirani yetu, yule aliyeniita msaliti, akasema, "Usome tena." Wakasimama wa Nyabiondo wote, wale wanaobeba maharagwe na kuvuka daraja lile kila siku ya soko. Papa Deo, mzee sasa, sauti imebaki ileile, akasema kutoka nyuma, "Na yangu pia usome."

Nikasoma zote mbili. Kisha tukaanza jambo la kwanza.

Leo, kwa sababu ya vita, baraza la mkoa halikai, chama kimetawanyika, na mimi naandika haya kwenye chumba cha mtoto wa dada yangu, mbali na Nyabiondo. Sijui kama daraja lingali limesimama. Siku tuliyohama nilitoka na sufuria moja, Biblia, agrafezi, na kaye. Watu walinicheka kwa hiyo kaye. Ninayo hapa, ukurasa nimeukunja pembe. Siku mkutano utakapokaa tena, atakayeketi kwenye kiti cha mlangoni aje kwangu na kalamu mbili, nitampa kaye. Wasali, kisha yeye asimame, aanzie hapo: Buleusa, vitanda vinne, bado.